Mkia wa Herufi

Mimina kopo. Lote.
Meza hii imebeba mazito kuliko haya.
Senti za ngano zinamwagika na harufu yao,
harufu ya funguo za zamani na kiganja chenye jasho,
na moja inakimbilia chini ya jiko
kama mtoto aliyeitwa kuoga.

Nje, Butte imezama katika theluji.
Shaba hii huenda ilitoka hapa hapa, chini ya miguu yetu,
mahali baba alipokuwa akishuka kila alfajiri
na chakula chake ndani ya ndoo ya bati.

Ivo anataka bei.
Yuko kwenye simu, Spokane, anatafuna kitu.
"Ipo ya ishirini na nane? Ya arobaini na moja je?
Ile yenye S kubwa?"
Subiri, namwambia. Kwanza mwaka.
Chini ya mwaka, herufi.
Isipokuwepo, ni ya Filadelfia, weka kando.
D ni Denver. S ni San Francisco.
Wengi huishia hapo, wakafunga kopo, wakalala.

Lakini S si S tu.
Ipo iliyojikunja kama paka,
ipo iliyovimba ikajaza nafasi yake yote,
ipo yenye mkia uliopanuka kama tarumbeta,
na nyingine, mkia wake umeishia kifundo,
kama uzi ulioogopa kufumuka.
Inamisha taa. Usitazame kwa juu.
Acha kivuli kikuambie umbo.

Herufi haikuja pamoja na uso wa rais.
Mtu aliigonga mwenyewe kwenye kalibu,
patasi mkono huu, nyundo mkono ule,
huko Filadelfia, kwa ajili ya mji ulio pwani ya pili
ambao labda hakuwahi kuuona.
Akigonga kando, senti milioni zikaenda kando.
Akipiga chafya, chafya yake ikapita mikononi mwa taifa,
ikanunua peremende, ikalipa nauli.

Hii hapa, D imelala ubavu.
Haina thamani, kitabu cha bei hakiitaji.
Naiweka mfukoni.

Chini kabisa ya kopo, daftari.
Mama alifulia wachimbaji, mashati kwa dazeni,
na kila walipolipa alitia sahihi herufi moja,
kwa kuwa ndiyo aliyokuwa ameifahamu vyema:
S, ya Stana.
Nasogeza kioo cha kukuzia kutoka shaba hadi karatasi
bila kufikiri, mkono umeshazoea.

Januari, arobaini na moja. S kubwa,
kichwa juu, mkia unazunguka kwa mbwembwe
mpaka kwenye jina la mteja wa mstari wa chini.
Februari, kubwa.
Machi, tarehe kumi na moja, siku kamba ya lifti ilipokatika,
hakuna kitu.
Tarehe kumi na tisa, mashati sita, suruali mbili,
na S ndogo, imejibana ukingoni
kama mtu aliyeketi kwenye benchi la wageni.
Ndogo Aprili. Ndogo kiangazi kizima.
Wino ule ule, kalamu ile ile.
Nafungua mbele, naruka kurasa,
arobaini na mbili, arobaini na tatu senti zilipokuwa za chuma,
nikiitafuta ile kubwa,
nikihesabu kwa midomo kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"Bado upo?" anauliza Ivo. "Vipi, umeiona S kubwa?"

Nimeiona, namwambia.

"Ina hali gani? Imechakaa?"

Kidogo. Upande wa mkia.

Anapiga mluzi. Anataja dola.
Hakuuliza natazama nini, nami sikusema.
Taa inaunguruma. Theluji imefika dirishani.
Nimepanga safu tatu, ya nne inayumba,
na ile iliyokimbilia chini ya jiko
bado sijajua ni ya nani.